Kumi na Tano na Hamsini

Msomaji atanisamehe nikianza na jambo la aibu. Mwaka 1993 nilikuwa karani wa stoo katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi mjini Dar es Salaam. Familia yangu ilikuwa huku Soga, kwenye shamba alilotuachia marehemu baba, nami nilipanga chumba mjini na kurudi nyumbani kila Jumamosi. Siku moja meneja wetu, ambaye hakujua Kiswahili wala hakutaka kukijua, alinipigia simu kutoka ofisini akanitajia kwa Kiingereza idadi ya mafungu ya nondo ya kumpakilia mteja. Yeye alisema kumi na tano. Mimi nilisikia hamsini. Anayekijua Kiingereza anaelewa jinsi namba hizi mbili zinavyofanana kama mapacha, hasa simu inapokwaruza na lori linanguruma mlangoni.

Mzigo ulirudi siku ya pili, na gharama ya lori ikakatwa katika mshahara wangu kwa miezi mitatu. Hilo ningelivumilia. Lililonichoma ni kuitwa mbele ya wapagazi na madereva na kuamriwa nizitamke namba zile mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka yeye aridhike. Nilikuwa mtu mzima wa miaka 38. Kijana mmoja mpagazi, aliyezoea kuniita Mzee, aliangalia chini muda wote.

Jumamosi ile nilishuka Soga na sheria mpya mfukoni. Niliwaambia wanangu, binti wa darasa la tano na mdogo wake wa darasa la tatu, kwamba kuanzia leo tukikaa mkekani kula hakuna Kiswahili. Atakayekosea atakosa kitoweo. Nilidhani ninawajengea maisha. Kwani mambo yalikuwaje wakati ule? Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shule ya msingi ilifundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja miongoni mwa masomo. Lakini mtoto akivuka kuingia kidato cha kwanza, anakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza, kuanzia hesabu hadi jiografia. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nayo ihamie kwenye Kiswahili kuanzia 1985. Serikali haikufanya hivyo. Basi kila mzazi alibaki kutafuta daraja lake mwenyewe la kumvusha mtoto, na mimi daraja langu nililijenga kwa kuwanyima watoto samaki.

Matokeo yake ni kimya. Watoto walikula kama wageni msibani. Mama yangu mzazi, ambaye Kiingereza chote alichokuwa nacho ni neno la kuaga, alikaa nasi Jumamosi mbili. Ya tatu akachukua sahani yake akaenda kula jikoni. Nilipomfuata kumwuliza kulikoni, alinijibu, "Mwanangu, mimi siwezi kula mahali ambapo sisemi." Nilirudi mkekani nikamaliza ugali wangu. Hata hivyo ukaidi ni ugonjwa. Sheria niliiacha iendelee mwezi mwingine mzima.

Hapa kijijini alikuwapo mwalimu mmoja mstaafu ambaye jioni tulikuwa tukiongea naye karibu na stesheni. Nilipomsimulia habari ya nondo hakunicheka. Alinihadithia habari za Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda, karibu na Bagamoyo, yaani mtu wa Pwani hii hii yetu. Baadaye niliendelea kuzitafuta habari zake mwenyewe, na kadiri ninavyozijua ndivyo ninavyozidi kumfikiria.

Wajerumani walipokusudia kututawala walitambua mapema kwamba wasipojua Kiswahili hawatafika mbali. Mwaka 1887 walifungua chuo cha lugha za Mashariki mjini Berlin, na maafisa waliotarajiwa kuja huku walisoma Kiswahili pale. Wakahitaji walimu, na walimu wa Kiswahili wangetoka wapi kama si kwetu? Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900. Yale aliyoyaandika juu ya desturi za watu wa pwani, kuanzia uzazi na unyago hadi mazishi, ndiyo sehemu kubwa ya kitabu cha desturi za Waswahili alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Naam, aliyeshika chaki alikuwa Mswahili, na waliokaa madawatini ni Wajerumani.

Lakini kushika chaki si kupewa heshima. Baadhi ya wanafunzi hawakukubali kumwona mtu mweusi kuwa mkubwa wao hata kwa saa moja ya darasa, na mwaka 1905 Mtoro aliiacha kazi ile. Alikuwa amemwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani, akafunga safari kurudi naye nyumbani. Serikali ya kikoloni ikamkatalia kushuka na mkewe. Mtu aliyewafundisha kusema hodi alizuiwa mlangoni kwake! Alirudi Ujerumani, akaendelea kufundisha na kutoa mihadhara, akafia Berlin mwaka 1927.

Mwaka huo huo wa 1905 ndipo Wajerumani walipoanza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam, ile inayopita hapa Soga. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Nikisikia garimoshi usiku mara nyingine humkumbuka. Wale waliokuja na reli wametuachia maneno machache tu. Hela ni sarafu yao, na shule ni neno lao. Sisi wenyewe hatukukijua Kijerumani, kwa sababu amri zilikuja kwa Kiswahili, kile kile walichofundishwa na kina Mtoro.

Mwalimu aliponimalizia kisa hiki aliniuliza swali moja: "Je, nyumbani kwako nani ndiye mwalimu?" Sikuwa na jibu. Mwalimu nilikuwa mimi, nami nilikuwa nikifundisha kama nilivyofundishwa stoo.

Sheria ya mkekani niliifuta Jumamosi iliyofuata. Nilimwambia binti yangu amfundishe bibi yake Kiingereza cha jikoni, kwa Kiswahili, apendavyo. Sikutegemea mengi. Siku ya kwanza bibi aliuliza mwiko huitwaje, kisha sufuria, kisha ungo, halafu akanyosha kidole kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Binti akajibu kwa haraka jina la mnyama. Bibi akashika kiuno. "Kumbe Wazungu hukunia nazi kwenye mgongo wa beberu?" Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza. Ila binti hakuridhika. Jumatatu alimfuata mwalimu wake shuleni kulitafuta neno lenyewe, na jioni akamletea bibi yake kama anayeleta zawadi. Tangu hapo alikuwa akiandaa masomo ya bibi kwa wiki nzima. Bibi hakuwahi kukijua Kiingereza. Binti alikijua, akaenda sekondari, na leo ndiye anayeisoma kwa sauti barua yoyote ya Kiingereza inayoingia nyumba hii. Mdogo wake, nakiri, hakukipenda hata kidogo, na siwezi kusema njia yangu ilimfaa.

Bosi yule nilifanya naye kazi miaka minne zaidi. Namba zote nilimwomba aziandike, naye kila mara alikuna kichwa kama mtu anayeombwa mkopo.

Mwaka 2017 ulianza ujenzi wa reli mpya ya kisasa, nayo inapita Soga vilevile. Makandarasi wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro walikuwa Yapi Merkezi ya Uturuki na Mota-Engil ya Ureno, na abiria walianza kusafiri Juni 2024. Miaka ile ya ujenzi vijana wa huku walirudi jioni wakisema "tamam" badala ya sawa. Mjukuu wangu, mtoto wa binti yule yule, alilidaka neno hilo, nami nikamwambia ni ndugu wa neno letu timamu, maana yote mawili yametoka kwa Mwarabu. Macho yakamtoka. Akafungua daftari. Kalamu kwa Kituruki ni kalem, kitabu ni kitap, habari ni haber, sabuni ni sabun, kahawa ni kahve, sanduku ni sandık. Mengine aliyapata kwa vijana wa kazini, mengine tuliyatafuta katika simu ya mama yake.

Juzi alikuja na meza. Waturuki husema masa, kwa hiyo akataka kuiweka kwa Mwarabu pamoja na wenzake. Nikamwambia hapana, meza yetu tumeipata kwa Wareno. Akaniuliza, "Sasa Waturuki waliipata kwa nani, babu?" Tumekaa nayo siku tatu.