Ufuatiliaji wa koho wachanga

Ufuatiliaji wa koho wachanga ni kazi ya kitaalamu ya kurekodi mienendo ya ndege aitwaye koho (Pandion haliaetus) katika miaka yake ya kwanza, hasa anapokaa katika nchi za tropiki mbali na mahali alipoanguliwa. Koho ni ndege mbuai anayekula samaki karibu peke yake. Huzaliana Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini, na wengi wao huhamia kusini kabla ya majira ya baridi. Nchini Tanzania huonekana pwani na kando ya maziwa na mito mikubwa, lakini hazaliani huko.

Utambulisho

Koho ana urefu wa sentimita 55 hadi 60 hivi, na mabawa yake yakitandazwa hufikia takriban mita moja na nusu au zaidi. Uzito wake kwa kawaida ni kilogramu 1.2 hadi 2. Mgongo ni wa kahawia nyeusi, tumbo ni jeupe, na mstari mweusi hupita kwenye jicho hadi shingoni. Hukamata samaki kwa kujitupa majini akitanguliza miguu. Nyayo zake zina miiba midogo, na kidole cha nje kinaweza kugeukia nyuma ili samaki asiponyoke.

Koho mchanga hutambulikana kwa ncha nyeupe za manyoya ya mgongoni, ambazo humfanya aonekane kama mwenye magamba. Macho yake ni ya rangi ya machungwa, ilhali ya ndege mzima ni ya njano. Watu wengi humchanganya na furukombe (Haliaeetus vocifer), lakini furukombe mzima ana kichwa na kifua cheupe kabisa na tumbo la kahawia nyekundu, naye huishi Afrika mwaka mzima.

Safari ya kwanza

Kinda huanza kuruka akiwa na umri wa siku 50 hadi 55 hivi. Wiki chache baadaye, mwezi wa Agosti au Septemba, huanza safari ya kusini bila kuongozwa na wazazi wake. Uelekeo wa jumla ameurithi, lakini pepo, milima, jangwa na bahari vinaweza kumpeleka mbali na njia hiyo. Kwa hiyo makinda wa kiota kimoja huweza kufikia nchi tofauti.

Koho wa Ulaya ya Magharibi huenda hasa Afrika ya Magharibi. Wale wa Ulaya ya Kaskazini na Mashariki husambaa zaidi, na baadhi hupita bonde la Nile na Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1995 hadi 1998 watafiti wa Uswidi waliwafuatilia koho kwa setilaiti. Wengi waliishia kati ya Kodivaa na Kamerun, lakini jike mmoja alifuata njia ya mashariki hadi Msumbiji. Wastani wa safari ulikuwa kilomita 6,700 hivi.

Ndege wazima hurudi kaskazini mwezi Machi au Aprili. Koho mchanga kwa kawaida habanduki: hubaki tropiki katika kiangazi chote cha kwanza cha kaskazini, na hurudi akiwa na umri wa miaka miwili au mitatu. Kwa sababu hiyo koho anayeonekana pwani ya Tanzania mwezi Juni au Julai mara nyingi ni ndege ambaye hajafikia umri wa kuzaliana.

Vifaa na mbinu

Mbinu ya zamani zaidi ni kumvisha kinda pete ya metali yenye namba mguuni. Pete ni rahisi, lakini hutoa taarifa pale tu ndege anapokamatwa, anapookotwa amekufa, au namba yake inaposomwa kwa darubini. Kati ya taarifa mbili kunaweza kupita miaka mingi.

Tangu miaka ya 1990 watafiti hutumia pia kifaa kidogo cha kurushia ishara, chenye uzito wa gramu 20 hadi 35 hivi. Kanuni ya kawaida ni kwamba kisizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege. Hufungwa mgongoni kama shanta kwa mikanda laini, kinda akiwa bado kiotani lakini ameshakaribia ukubwa wake kamili. Betri huchajiwa kwa nguvu ya jua. Kifaa hupima mahali kwa GPS, kisha hutuma taarifa kupitia setilaiti za Argos au mtandao wa simu za mkononi. Kinachotumia simu huhifadhi vipimo ndege akiwa nje ya mtandao, kisha huvituma vyote akifika karibu na mnara.

Kusoma ramani: mfano wa pwani ya Dar es Salaam

Nukta kwenye ramani hazitoshi bila kuijua pwani yenyewe. Katika jiji la Dar es Salaam makazi yanayomfaa koho yapo pembezoni: mikoko na mashamba ya chumvi ya Kunduchi, mlango wa Mto Mpiji na mlango wa Mto Msimbazi upande wa Kinondoni, khori ya Mtoni, inayopokea mito Kizinga na Mzinga, upande wa Temeke, na mikoko ya Ras Dege huko Kigamboni. Mbele ya pwani ya kaskazini kuna visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyotangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji makuu na maji kupwa hupita mita 3, na wakati wa kujaa husogea mbele kwa karibu dakika 50 kila siku. Ndege anayevua kwenye khori anaweza kufuata mabadiliko hayo kuliko saa ya ukutani. Mtafiti asiyelinganisha nukta zake na jedwali la maji anaweza kudhani kwamba ndege hana utaratibu.

Pili, nukta za usiku zinazorudia mahali pamoja huonyesha mti au nguzo ya kulala. Tatu, nukta nyingi zisizosogea mchana si lazima ziwe dalili ya ugonjwa, kwa kuwa koho aliyeshiba hukaa kwa saa nyingi. Lakini kifaa kisiposogea kabisa kwa siku kadhaa, ni lazima mtu aende mahali penyewe kuangalia kama ndege amekufa au kifaa kimedondoka.

Hatari

Koho wengi hufa kabla ya kufikia umri wa kuzaliana. Katika maeneo ya tropiki hatari ni pamoja na kunaswa na nyavu, kupigwa na umeme kwenye nguzo, kuwindwa, na kupungua kwa samaki. Uvuvi wa baruti, ingawa ni marufuku kisheria, uliharibu matumbawe ya pwani ya Dar es Salaam kwa miaka mingi. Mikoko hukatwa kwa ajili ya kuni, boriti na viwanja. Jiji lilikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Kunguru wa India, ambao ni wengi mno jijini, huwasumbua ndege mbuai, na furukombe huweza kumnyang'anya koho samaki wake.

Uhifadhi na taarifa za wananchi

Koho ameorodheshwa katika Kiambatisho cha II cha Mkataba wa Bonn kuhusu wanyama wanaohama, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Utafiti wa wanyamapori nchini huhitaji vibali kupitia TAWIRI na COSTECH.

Mtu akiokota ndege mwenye pete au kifaa anashauriwa kuandika namba na maneno yote yaliyomo, tarehe, mahali na hali ya ndege, na kupiga picha. Ndege aliye hai asivuliwe pete. Taarifa inaweza kupelekwa kwa ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, au kwa kituo ambacho jina lake limeandikwa kwenye pete. Kwa ndege aliyeanguliwa maelfu ya kilomita kaskazini, taarifa ya mvuvi mmoja wa Kunduchi inaweza kuwa ndiyo pekee inayoeleza mwisho wa safari yake.