Patreon: fedha za mashabiki na fungu la dalali

PATREON ni tovuti ya Marekani inayowawezesha wasanii na waandishi wasioajiriwa kupokea fedha kutoka kwa mashabiki wao, kwa kawaida kila mwezi. Ilianzishwa mwaka 2013 mjini San Francisco na mwanamuziki Jack Conte, akishirikiana na mtaalamu wa kompyuta Sam Yam.

Conte, mmoja wa wawili wanaounda kundi la Pomplamoose, alikuwa ametumia maelfu ya dola kutengeneza video ya wimbo wake "Pedals". Malipo ya matangazo ya YouTube yasingekaribia gharama hizo, ingawa watazamaji wake walikuwa wengi. Akaona heri kuwageukia mashabiki wenyewe. Wahudhuriaji wa taarab hawatashangaa, kwani kumtunza mwimbaji jukwaani ni desturi ya siku nyingi. Ila hapa noti haifiki mkononi mwa mwimbaji kabla ya kupita kwa dalali.

Dalali naye ana fungu lake. Mwanzoni lilikuwa asilimia 5, mbali na gharama za kupitisha malipo. Mwaka 2019 wapya waliwekewa viwango vya asilimia 5, 8 na 12 kulingana na huduma, na tangu Agosti 2025 anayejiunga hukatwa asilimia 10.

Mgogoro mkubwa ulizuka Desemba 2017. Hadi hapo gharama za malipo zilitoka katika fedha za msanii. Patreon ikatangaza kuwa shabiki ndiye atakayezibeba: asilimia 2.9 na senti 35 juu ya kila mchango. Aliyetoa dola 100 angeongeza dola 3.25 tu, lakini aliyetoa dola 1 angelipa karibu dola 1.38. Aliyeumia zaidi, basi, ni yule mwenye kipato cha kawaida anayegawa dola moja moja kwa wasanii kumi, na watu wa aina hiyo ndio waliokuwa nguzo ya wasanii wengi wadogo. Mashabiki wakaanza kujitoa kabla hata mpango haujaanza. Baada ya takriban wiki moja kampuni iliufuta, na Conte akaomba radhi.

Baadaye dalali mwenyewe alipata dalali wake. Mwaka 2024 Patreon ilieleza kuwa Apple inaitaka itumie mfumo wake wa malipo kwa wanaojiunga kupitia programu ya iPhone, nao hukata hadi asilimia 30. Mwaka 2025, kufuatia uamuzi wa mahakama, mashabiki walioko Marekani waliruhusiwa kulipa nje ya mfumo huo.

Anayefikiria kujiunga asiishie kutazama asilimia. Substack, iliyoanza mwaka 2017 kwa ajili ya waandishi, nayo hukata asilimia 10, lakini malipo huingia katika akaunti ya Stripe ya mwandishi mwenyewe, hivyo akihama anaweza kuondoka na wasomaji wake wanaolipa.