Upinzani wa Majirani: Asili ya Mpira wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Tarehe 6 Novemba 1869, wanafunzi wa chuo kinachoitwa leo Princeton walisafiri kwa treni hadi New Brunswick, mji jirani katika jimbo la New Jersey, kupambana na wenzao wa Rutgers. Kila upande ulikuwa na wachezaji 25. Rutgers walishinda kwa mabao 6 dhidi ya 4. Wengi huuhesabu mpambano huo kuwa mwanzo wa mpira wa vyuo vikuu nchini Marekani.

Lakini lenye mafunzo zaidi lilitokea juma moja baadaye. Princeton, wakiwa wenyeji, walicheza kwa kanuni zao wenyewe, wakashinda 8 bila. Basi kila chuo kilishinda kwake, kwa sheria zake. Mchezo wa tatu, ambao ungekata shauri, haukuchezwa. Ikadhihirika kwamba ujirani peke yake hauzai ushindani: yapasa wapinzani wakubaliane kwanza ni mchezo gani wanaoshindania.

Mapatano hayo yalichukua miaka. Harvard walishikilia mchezo wao, ambamo mchezaji aliweza kuudaka mpira na kukimbia nao. Mwaka 1874 walicheza na McGill ya Montreal, Kanada, wakajifunza raga. Mwaka 1875 Yale walikubali kukutana nao kwa kanuni za kuafikiana. Mwaka 1876 wajumbe wa Harvard, Yale, Princeton na Columbia walikutana Springfield, Massachusetts, wakaweka kanuni za pamoja zilizofuata raga.

Hata hivyo, kanuni hizo hazikuzuia maafa. Vijana walikufa uwanjani, na mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt, mhitimu wa Harvard, aliwaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton. Mwaka 1906 kikaundwa chama cha vyuo, ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA. Kanuni nazo zikarekebishwa: ikaruhusiwa kuurusha mpira mbele, ili wachezaji wasiendelee kusongamana na kuumizana.

Wanaoijua desturi ya utani hawatashangazwa na historia hii. Mtani humkejeli mwenziwe bila kuvunja undugu, kwa kuwa wote wawili wanaujua mpaka wa kejeli. Vyuo hivyo pia vililazimika kuuchora mpaka wao. Na kwa kuwa vilichelewa, gharama yake ililipwa kwa maisha ya wanafunzi.