Kuanzishiwa Uchungu: Ulikotoka Mkono Huu wa Kumharakisha Mtoto



Mwezi uliopita alikuja dukani biharusi wetu wa mwaka jana, yule ambaye gauni lake tulilitia lulu kwa mkono siku tatu na usiku wake. Safari hii alikuja na tumbo, na macho mekundu. Wiki ya 41 imeshatimia, uchungu hauji. Hospitali wamemwambia arudi keshokutwa aanzishiwe. Mavyaa wake kamletea chupa ya mizizi ya kuchemsha. Shangazi yake naye kamwambia anayekubali dripu ni mtu asiye na subira na kadari ya Mwenyezi Mungu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akatuuliza: "Hivi nikikubali, nitakuwa nimekosea?"

Sisi ni washonaji. Tunajua kupima kiuno, hatujui kupima mlango wa kizazi. Lakini swali lile lilitukaa rohoni, tukaanza kusoma na kuwauliza wakunga tunaowashonea. Tukakuta kumbe swali lake lina umri mkubwa kuliko dripu yenyewe.

Mwaka 1756 madaktari wakubwa wa London walikutana kuzungumza jambo moja: je, ni halali mbele ya dhamiri kumzalisha mwanamke kabla ya wakati wake? Waliokuwa wakiwafikiria ni wanawake ambao nyonga zao zilikuwa finyu kwa maradhi ya kulainika mifupa waliyoyapata utotoni. Mtoto akitimia miezi tisa hapiti, na kwa zama zile kumpasua mama ilikuwa karibu sawa na kumchimbia kaburi. Kwa hiyo walitaka kuipasua chupa mapema, mtoto atoke angali mdogo. Wakakubaliana kwamba inafaa. Khabari za mkutano huo tumezipata kwa daktari Thomas Denman, aliyeziandika katika kitabu chake cha ukunga. Tazama basi: wazungu wa karne ile nao walianza na swali la haki na dhambi kabla ya swali la dawa.

Huyo Denman alikuwa na mkwe, Sir Richard Croft, na hapa ndipo hadithi inapotuuma. Croft ndiye aliyemhudumia Binti Mfalme Charlotte wa Uingereza, mjukuu pekee wa halali wa Mfalme George wa Tatu. Charlotte alikuwa na umri wa miaka 21, ameolewa mwaka mmoja na nusu tu. Alitarajiwa kujifungua katikati ya Oktoba 1817. Oktoba ikaisha. Uchungu ulimjia tarehe 3 Novemba usiku, ukaenda kwa kusuasua siku mbili nzima. Daktari mwingine alikuwepo chumba cha pili na koleo za kuzalishia, hazikutumika. Tarehe 5 usiku alizaliwa mtoto wa kiume, mkubwa, mzuri, hana uhai. Saa chache baadaye, kabla ya alfajiri, mama naye akamfuata. Miezi michache baadaye Croft alijiua kwa bastola.

Inasemekana vitambaa vyeusi viliadimika madukani kwa namna watu walivyovaa msiba. Sisi wa sindano na uzi tulipoisoma hiyo tulinyamaza kidogo. Na kwa kuwa mfalme alibaki bila mjukuu wa halali, wana wa mfalme wakakimbilia kuoa, ndipo akazaliwa Victoria mwaka 1819.

Kwa hiyo wanaosema kungoja hakuna madhara, wamkumbuke Charlotte. Lakini msiende mbio upande wa pili, kwani kuna hadithi nyingine.

Katika nchi za baridi kuna nafaka iitwayo rai, na rai huota kuvu jeusi lenye umbo la kucha. Wakunga wa Ulaya walilijua tangu zamani kuwa linaleta uchungu. Mwaka 1808 daktari wa New York, John Stearns, alichapisha barua akilisifu: ukimpa mzazi unga wake, mtoto anatoka upesi na daktari anarudi nyumbani mapema. Na yeye mwenyewe alionya kwamba ukishampa, kizazi hukaza mno hata huwezi tena kumgeuza mtoto tumboni. Wenzake walisikia sifa, wakaliacha onyo. Uchungu wa kawaida, wenye kuzaa mnajua, huja na kuachia, huja na kuachia. Katika kule kuachia ndiko mtoto anapata pumzi. Unga ule ulikuwa haujui kuachia. Kizazi kilijikunja kikabaki hivyo, mtoto akakosa hewa, au kizazi kikapasuka. Mwaka 1824 daktari mwingine wa New York, David Hosack, alisema kuwa watoto wanaozaliwa wafu wameongezeka tangu unga huu uingie mjini, na kwamba badala ya kuitwa unga wa kuzalia ungeitwa unga wa mauti. Hadi leo dawa itokanayo na kuvu hilo ipo hospitalini, lakini hutolewa mtoto akishatoka, kuzuia damu.

Tunaikumbuka hii kila tunapoiona chupa ya mizizi. Hatuwadharau bibi zetu. Miaka ya 1960 daktari wa Norway, Lorenz Gran, alikuwa Kongo, akaona wanawake wa huko wanakunywa chai ya mmea wauitao kalata-kalata ili kuharakisha kuzaa. Hakucheka. Aliuchukua mmea, akaupeleka maabara, akakuta ndani yake kitu kinachokunja kizazi kweli, tena kitu cha ajabu, hakiharibiki kwa kuchemshwa. Bibi wa Kongo walikuwa sahihi. Lakini aliona pia kuwa uchungu wake ulikuwa mkali mno. Ndilo tatizo la chupa ya mavyaa: si kwamba haifanyi kazi, ni kwamba inaweza ikafanya, na hakuna anayejua imo kiasi gani, wala hakuna anayesikiliza moyo wa mtoto wakati ikifanya.

Dripu yenyewe ilikujaje? Mwingereza Henry Dale, mwaka 1906, aliona kwamba maji ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hukunja kizazi cha paka. Miaka mitatu baadaye ikajaribiwa kwa wanawake. Ikarudia makosa yale yale ya unga: walichoma sindano nzima mara moja, na vizazi vikapasuka. Wakajifunza, miaka ya 1940, kuitia kidogo kidogo katika maji ya mshipani. Mwaka 1953 Mmarekani Vincent du Vigneaud akajua kuitengeneza bila kutoa kwenye tezi ya mnyama yeyote, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Hiyo ndiyo oksitosini, na maana ya jina lake kwa Kiyunani ni kuzaa haraka. Uzuri wake ni kwamba ukifunga dripu, baada ya dakika chache nguvu yake inapungua. Ile pumzi ambayo unga wa rai uliinyima, hii unaweza kuirudisha, mradi awepo mtu anayeiangalia. Mkunga mmoja alituambia: "Dripu si hatari. Hatari ni dripu iliyoachwa peke yake."

Halafu kuna jambo la kwetu, na tulishangaa hatukuwahi kulisikia skuli. Dawa nyingine kubwa ya kulainisha mlango wa kizazi na kuleta uchungu, prostaglandini, miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za kuwaanzishia nayo wazazi uchungu ilifanyika Makerere, Kampala. Sultan Karim na wenzake waliichapisha mwaka 1968, na dunia nzima ikafuata. (Kitu hicho hicho kimo pia katika maji ya mwanamume, ndiyo maana masomo wengine huwaambia wali wao walale na waume zao mwezi wa mwisho. Madaktari wa Malaysia walilipima shauri hilo, hawakuona tofauti. Basi iwe mapenzi tu, isiwe dozi.)

Kutokana na dawa za jamii hiyo kikaja kidonge cha misoprostoli, kilichotengenezwa kwa ajili ya vidonda vya tumbo. Ni rahisi, hakihitaji friji, na kimeokoa wanawake wengi wa nchi maskini. Lakini sikilizeni vizuri. Kidonge kinachopatikana sana ni cha mikrogramu 200. Dozi ya kuanzishia uchungu ambayo Shirika la Afya Duniani limeielekeza ni 25, yaani sehemu moja ya nane. Na aliyewahi kupasuliwa hatakiwi kuanzishiwa nacho kabisa, kwa sababu kovu la kizazi linaweza kuachia. Mwenzetu mmoja, hatumtaji, alikuwa na kovu. Mtu wa karibu alimtafutia kidonge kwenye duka la dawa ili asipasuliwe mara ya pili. Walikikata kwa wembe juu ya sahani ya chai. Yeye yuko hai, alhamdulillah. Mtoto na kizazi vyote vilikwenda.

Msidhani kwa wenzetu walioendelea mambo yalinyooka. Uingereza miaka ya 1970 ilifika mahali karibu wanawake 4 katika kila 10 wanaanzishiwa uchungu, na wengi walilalamika kuwa wanazalishwa saa za kazi ili daktari apumzike mwisho wa wiki. Walipiga kelele magazetini, na namba ikashuka. Sisi tunaona walikuwa na haki. Mwanamke aambiwe sababu. Presha imepanda? Chupa imepasuka na uchungu hauji? Wiki zimepita? Hizo ni sababu. Nafasi ya kitanda si sababu.

Kuhusu wiki kupita, kuna utafiti wa Sweden uliotoka mwaka 2019. Wanawake 2,760 waligawanywa: nusu waanzishiwe wiki ya 41, nusu wangoje hadi ya 42. Ulisimamishwa kabla ya kwisha, kwa sababu kundi la kungoja lilipoteza watoto 6, na lile jingine halikupoteza hata mmoja. Ndiyo kusema, hata waliongoja karibu wote walipata watoto wazima. Lakini kwa wale sita ulikuwa ulimwengu mzima. Na hofu ya "ukianzishiwa utapasuliwa"? Marekani mwaka 2018 walifuatilia wanawake 6,106 wa mimba ya kwanza wasio na tatizo. Walioanzishiwa wiki ya 39 walipasuliwa asilimia 18.6, waliongojea asilimia 22.2. Sasa, hiyo ni hospitali yenye mashine na mkunga wa kutosha. Pale ambapo mkunga mmoja ana wazazi wanane tusijidanganye kuwa ni hesabu ile ile. Uchungu wa dripu pia huuma zaidi na unaweza kuchukua siku mbili ikiwa mlango bado mgumu, na hilo huambiwi hadi uko kitandani.

Tukarudi kwa shangazi na kadari. Mwenyezi Mungu katika Suratu Maryam anatueleza Bi Maryam alivyoshikwa na uchungu chini ya mtende, peke yake, hadi akatamani angekuwa amekufa kabla. Naye katika hali ile akaamrishwa autikise mti ule, zimdondokee tende. Angeweza kushushiwa bila kugusa kitu. Mtume wetu (s.a.w.) naye alitufundisha kujitibu. Na hizo tende, dada zetu: Jordan kuna utafiti wa mwaka 2011, wanawake waliokula tende sita kwa siku wiki nne za mwisho walihitaji dawa za kuanzisha au kuongeza uchungu asilimia 28, wasiokula asilimia 47. Walikuwa wachache, 114 tu. Lakini tende haina madhara kwa asiye na sukari.

Biharusi wetu tulimsomea haya yote kwenye simu, yeye anakula tende, mashine inalia. Alimuuliza mkunga maswali matatu tuliyomwandikia nyuma ya risiti: kwa nini mimi, dawa gani, na nani atakaa karibu yangu. Akajibiwa. Walimwekea kwanza mpira wa kufungua mlango, kisha dripu, na mavyaa wake alikaa nje akivuta tasbihi. Saa 31. Mtoto wa kike, kilo 3.6, analia kama adhana ya alfajiri inavyoanza.

Gauni la akika tumelikata jana. Kiuno tumekiachia inchi tano, na ametuomba lifunguke mbele kwa vifungo.