Kwa nini mafundi wetu wanakata waya wa sensa?

Leo naomba tuweke kando vikao vya madiwani na bei ya mkonge, tuzungumzie kidude chenye ukubwa wa plagi kinachokaa kwenye ekzosi ya gari lako. Mafundi wanakiita sensa ya oksijeni, au kwa mkato "sensa ya ekzosi".

Hapa Tanga ukipeleka gari gereji, taa ya injini inawaka na mafuta yanaisha upesi, uwezekano ni mkubwa utaambiwa: "Kaka, hiyo sensa haina kazi yoyote, nikukatie waya tu." Nimesikia maneno hayo Ngamiani, nimeyasikia Muheza, na hata Pangani. Wasomi wa mjini wanawacheka mafundi hawa. Mimi siwacheki. Nimefuatilia na naamini kwamba ushauri huo uliwahi kuwa na akili ndani yake. Tatizo ni kwamba sababu yake imekufa, na ushauri wenyewe bado unatembea.

Tuanze na kazi yake. Injini ya petroli inataka hewa kilo 14.7 hivi kwa kila kilo moja ya petroli. Ikipungua hewa, petroli inatoka bila kuungua vizuri, moshi mweusi na pesa yako vinaenda pamoja. Sensa inanusa moshi unaotoka na kulinganisha oksijeni iliyomo na ile ya hewa ya nje. Petroli ikizidi, inatoa umeme kama volti 0.9. Hewa ikizidi, unashuka hadi 0.1 hivi. Kompyuta ya gari inasoma umeme huo, inaongeza au kupunguza petroli, tena na tena, wakati wewe unaendesha huku unasikiliza taarabu.

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ndiyo iliyoanza kuiuza, na mwaka 1976 ikaingia kwenye magari ya Volvo yaliyopelekwa Marekani, ambako jimbo la California lilikuwa limechoka na moshi. Haikuja peke yake. Iliambatana na kile mafundi wetu wanachokiita "masega", yaani kichujio cha ekzosi chenye matundu kama sega la nyuki, kilichopakwa platinamu na madini mengine ya thamani. Sensa na masega wana adui mmoja: madini ya risasi.

Na risasi ilikuwa wapi? Ndani ya petroli yenyewe! Mwaka 1921 mtaalamu wa General Motors aitwaye Thomas Midgley aligundua kwamba ukitia kemikali yenye risasi kwenye petroli, injini inaacha kugonga. Ilianza kuuzwa 1923. Oktoba 1924 wafanyakazi watano wa mtambo wa Bayway, New Jersey, walikufa kwa sumu ya kemikali hiyo. Pamoja na hayo biashara iliendelea, ikaenea dunia nzima, na kwetu ikafika.

Sasa hapa ndipo historia ya dunia inapokutana na gereji zetu. Mwaka 1975 Wajapani walianza kuondoa risasi kwenye petroli yao ya kawaida, na mwaka 1978 wakaweka viwango vikali vya moshi. Magari yao yakaanza kufungwa masega na sensa. Kwetu, miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya ukame wa kila kitu: sabuni foleni, tairi kwa kibali. Bajeti ya 1984 ikaruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni bila kuulizwa wamezipata wapi. Mlango ukafunguka, na miaka ya 1990 magari ya mtumba kutoka Japan yakawa yanashuka bandarini kwa wingi.

Fikiria gari hilo. Limezaliwa Nagoya, limekunywa petroli safi maisha yake yote. Linafika kwetu, linajazwa petroli yenye risasi. Risasi inaigandia sensa na kuziba uso wa masega. Muda si mrefu sensa inaanza kusema uongo. Inaiambia kompyuta hewa imezidi wakati haijazidi, kompyuta inamwaga petroli, mwenye gari analia. Fundi anatafuta sensa mpya, hakuna dukani, na ikipatikana bei yake ni mshahara. Na hata akiifunga, petroli ni ile ile, nayo itakufa.

Wewe ungekuwa fundi wa mwaka 1996 ungefanya nini? Ungekata waya. Ungetoa masega yaliyoziba ili gari lipumue. Hiyo ilikuwa elimu halali iliyotokana na kazi, na fundi akamfundisha kijana wake, kijana naye akamfundisha wake.

Lakini kuna jambo ambalo elimu ile haikuliona. Petroli iliyoua sensa ndiyo hiyo hiyo mafundi waliyokuwa wakiinyonya kwa mpira kutoka kwenye tenki, wakitema na kupangusa midomo. Ndiyo waliyooshea vyuma kwa mikono mitupu. Moshi wake ulitua kwenye vumbi la barabara ambazo watoto walichezea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa sababu inagusa ubongo unaokua. Sensa ilikuwa inatoa taarifa kwa kufa kwake. Sisi tukaona ni ubovu wa kifaa.

Mabadiliko yalikuja bila kelele nyingi. Juni 2001 wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikutana Dakar, Senegal, wakakubaliana kuondoa risasi kwenye petroli. Mwaka 2002 ukaundwa ushirikiano wa kimataifa wa mafuta safi, ukisimamiwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, jirani zetu hapo. Kufikia Januari 2006 eneo lote la kusini mwa Sahara lilikuwa limeachana na petroli hiyo. Nchi ya mwisho duniani ilikuwa Algeria, Julai 2021.

Kwa hiyo kijana aliyezaliwa Bombo mwaka 2006 hajawahi kuishi na petroli ya risasi. Leo huenda ni fundi. Na bado anakata waya! Watu husema Tanga ni waja leo waondoka leo, lakini ushauri huu ulikuja ukajenga kabisa.

Haya yote yalinijia nilipokuwa nafuatilia vijana fulani wa Ngamiani, kwenye moja ya zile barabara zenye namba, wanaojiundia gari. Ndiyo, gari. Fremu ya mabomba ya chuma waliyochomelea wenyewe, viti viwili, na injini ya Toyota ya nozeli. Wasicheke watu. Kibaha kuna Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari chini ya jeshi kilichoanzishwa mwaka 1985, na magari yake yalitembea. Wakenya nao, baada ya Rais Moi kuwataka Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986 waunde gari, walitoa matano ya Nyayo Pioneer, yakakimbia hadi kilomita 120 kwa saa. Yaliishia pale kwa kukosa fedha za kiwanda.

Vijana hawa walibishana juu ya jambo moja tu kwa jioni nzima: sensa ifungwe au itupwe? Mzee wao wa kazi alisema itupwe. Mdogo kabisa kati yao akasema, kwa adabu, "Mzee, shikamoo yako ipo, lakini tukiitupa hii kompyuta itafanya kazi kipofu." Alishinda, na nikamwangalia akiifunga.

Kwanza akachomelea nati ya sensa kwenye ekzosi mahali mabomba yote manne yanapoungana, ili inuse moshi wa injini nzima. Akaielekeza juu kidogo, si chini, maana maji yanayojikusanya kwenye bomba yakiigusa ikiwa ya moto, udongo wake wa ndani unapasuka. Waya zilikuwa nne: nyeusi mbili za kuipasha moto, kwani haifanyi kazi mpaka ifike nyuzi joto 300 hivi, bluu ya taarifa na nyeupe ya nati. Nyeusi moja akaipitisha kwenye fyuzi, iwake na swichi ya gari. Nyeupe akairudisha kwenye kompyuta, hakuifunga kwenye bodi.

Njia ya waya ilimchukua muda kuliko yote. Aliziweka mbali na ekzosi, mbali na waya za plagi na alternata zisije zikavuruga taarifa, akaziachia ulegevu kidogo kwa sababu injini inatikisika. Mzee akaleta chuma cha kulehemu, kijana akakataa: sensa nyingi huvuta hewa ya kulinganisha kupitia katikati ya nyuzi za waya, ukilehemu au kupaka grisi umeiziba pua. Akabana kwa klipu. Soketi akaiweka juu na kuifunika vizuri, maana chumvi ya bahari yetu inakula shaba.

Injini ilipopata moto, mita ya volti ikaanza kupanda na kushuka, 0.8, 0.2, 0.7. Mzee alitazama kimya, kisha akauliza: "Kwa hiyo hii haifi tena?" Akajibiwa, "Petroli imebadilika, mzee."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike. Taifa zima lilibadilishiwa petroli na fundi aliye chini ya gari hakuambiwa. Kwa karibu miaka 20 wenye magari wanalipia petroli ya ziada, na masega yanakatwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa madini, huku moshi mchafu ukibaki kwa watoto wa shule wanaopita barabarani. Tuliwafundisha mafundi wetu kwa shida, tukasahau kurudi kuwaambia kwamba shida ile imekwisha.

Kwa hiyo mdau, siku ukiambiwa "tukate waya", usibishane kwa dharau. Muulize fundi wako nani alimfundisha, na mwaka gani. Mkimaliza kuhesabu miaka, mwambie aipime kwanza.

Nawasilisha.