Kelele Hii ni ya Nani?

Kwanza kulikuwa na mvumo. Mmmm, kama friji ya duka la mtaani, chini ya kila wimbo. Nilikuwa nimeketi sakafuni kwenye keja yangu Nairobi na mashine ya santuri ya USB niliyonunua ikiwa imetumika, laptopu ya zamani, na sanduku la babu: santuri 31 ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika.

Babu alifariki mwaka jana. Baba mdogo alitaka nyimbo zake zichezwe siku ya kumkumbuka, na kazi ikaangukia mimi. Katika familia yetu, mtu aliyeacha chuo ni mtu mwenye muda.

Nilisoma historia miaka miwili kabla karo haijanishinda. Kuna swali moja lililonibakia kichwani: kabla hujaamini chanzo, uliza kimetoka wapi na nani alikigusa njiani. Sikujua ningelihitaji kutafuta kelele.

Basi niliinua sindano. Santuri haiguswi na kitu, lakini mvumo bado upo. Kumbe si wa santuri. Nikachomoa chaja ya laptopu, nikabaki na betri tu. Kimya. Ilikuwa ni stima, ile ya ukutani inayotikisika mara 50 kwa sekunde, imepitia kwenye chaja na waya wa USB hadi ndani ya muziki wa babu.

Kisha kukawa na ngurumo nzito kila matatu ilipopita. Mashine ilikuwa sakafuni, na sindano haichagui: ikitikiswa na wimbo au na barabara, kwake ni mtikisiko tu. Nikaipandisha juu ya bamba zito la jiwe, chini yake nikakunja blanketi. Kelele ya barabara ikaisha.

Ya tatu ilikuwa kama bisi zikipasuka sufuriani. Hiyo ilikuwa vumbi la miaka mingi. Nilizifuta santuri moja moja kwa kitambaa laini na maji yasiyo na chumvi, nikifuata mifereji bila kulowesha karatasi ya katikati. Nusu ya bisi zikanyamaza.

Ya nne: tik, tik, tik. Nikaipima. Kila sekunde moja na theluthi. Piga hesabu: mizunguko 45 kwa dakika ni mzunguko mmoja kila sekunde moja na theluthi. Huo ni mkwaruzo mmoja uliokata mifereji, na sindano inaupita kila raundi.

Ya tano ndiyo ilinitesa. Katika santuri chache, sauti ilikuwa inakwaruza kama mtu mwenye koo bovu, hasa mwimbaji alipopaza. Nilidhani nimerekodi kwa sauti kubwa mno. Nikapunguza, bado. Nikageuza upande wa pili, kwa kipimo kilekile: safi kabisa.

Upande A umeharibika, upande B mzima. Kwa nini?

Ili ujue uzito wa swali hilo, kumbuka santuri hizi zilikuwa nini. Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri tangu miaka ya 1950. Fadhili William na Daudi Kabaka walirekodi Equator Sound Studios miaka ya 1960. Miaka ya 1970 River Road ilijaa maduka na lebo ndogo za benga, na bendi za Kongo zilihamia hapa. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hiyo nyimbo nyingi za bendi zake zilichapwa Nairobi. Halafu kaseti zikaja, rahisi kunakili na rahisi kuiba, na biashara ya santuri ikafa.

Kuna nyimbo zilizobahatika. "Helule Helule" ya Kabaka ilirekodiwa upya na The Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968, kwa hiyo haiwezi kupotea kirahisi. Lakini wimbo wa lebo ndogo ya River Road unaweza kuwa umebaki kwenye masanduku machache tu kama hili la babu. Ukiharibika humu, sijui utaupata wapi tena.

Kwa hiyo nilitumia programu. Unaionyesha kelele, inajifunza, inaifuta. Nikafuta, nikafuta tena, nikafurahi. Nikaenda nyumbani Kakamega na simu yangu, nikamchezea kukhu.

Alisikiliza kidogo tu. "Huyu mbona anaimba ndani ya ndoo?"

Nikasikiliza tena kwa masikio yake. Alikuwa sahihi. Pamoja na mkwaruzo, programu ilikuwa imekula pumzi ya mwimbaji na ncha za nyuzi za gitaa. Nikamchezea ile ambayo sijagusa, mbovu. Akacheka.

"Hiyo ndiyo. Babu yako alikuwa anaweka shilingi."

Shilingi gani?

Akaniambia Jumamosi chumba chao kimoja Nairobi kilijaa watu wa kwao. Wakicheza, sakafu ya mbao ilitikisika, na sindano ikaruka. Basi babu alichukua shilingi, ile yenye uso wa Mzee Kenyatta, akaiweka juu ya kichwa cha sindano. Haikuruka tena. Watu wakaendelea hadi asubuhi.

Gramu chache tu za chuma. Lakini sindano iliyolemewa, labda imeshachakaa pia, husaga kuta za mfereji, na huanzia pale mfereji unapopindapinda sana: pale sauti ni kubwa. Ndiyo maana upande B ulikuwa mzima. Hakuna aliyeucheza.

Nimelifikiria hilo sana. Tukitafuta nakala safi za muziki wetu wa zamani, tunazopata ni zile ambazo hazikupendwa sana, au za watu ambao hawakucheza. Zilizopendwa zimesagika. Ukiona santuri imechakaa hivyo, kuna chumba kilichojaa nyuma yake.

Stima niliitoa. Barabara niliitoa. Vumbi, hata tik, niliondoa nilivyoweza, kwa mkono, moja moja. Mkwaruzo wa upande A nimeuacha. Kila wimbo nimeuhifadhi mara mbili, ulivyotoka kwenye sindano na uliosafishwa kidogo, ili mwenye masikio bora kuliko yangu aweze kuanza upya.

Siku ya kumkumbuka babu tulicheza ule mbovu. Baba mdogo akauliza kama spika imeharibika. Kukhu akamwambia akae.

Kwenye laptopu, faili hiyo nimeipa jina la wimbo, kisha neno moja: shilingi.