Lugha chafu ya makocha kwa wanamichezo vijana

Lugha chafu ya makocha ni matusi na maneno ya kudhalilisha yanayotolewa na walimu wa michezo mbele ya wachezaji wenye umri mdogo. Kukaripia kosa la mchezo si tusi. Mpaka huvukwa pale kocha anapotaja mwili wa mchezaji au wazazi wake, hasa kwa matusi ya nguoni.

Nchini Tanzania, mjini na hata katika kata za vijijini kama Mabamba, wilayani Kibondo (Mkoa wa Kigoma), vijana wengi hufundishwa michezo shuleni, wakijiandaa kwa UMITASHUMTA au UMISSETA. Kocha wao mara nyingi ni mwalimu wa darasani, hivyo aliyetukanwa uwanjani huona vigumu kumlalamikia.

Katika soka, Kanuni ya 12 inaadhibu matusi kwa kadi nyekundu. Tangu mwaka 2019 makocha nao huonyeshwa kadi. Lakini mazoezini hakuna mwamuzi. Huko kinga ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayokataza kumdhalilisha mtu yeyote aliye chini ya miaka 18.